Raundi ya Nne, Mabela

Kipa!
Raundi ya kwanza, majina yote mezani, bado mabichi,
na Mundhir, nahodha wetu, anachagua kipa.
Zahor aliiweka chini bilauri ya karaki
taratibu, kama mtu anayeweka silaha,
akasema: "Mchagua nazi hupata koroma,
lakini huyu hata nazi hakuchagua.
Kachagua kifuu."

Tuko nje ya duka la Mmalabari, Mabela ya Kusini,
miguu ya viti vya plastiki imezama kwenye changarawe,
siku tisa kabla ya mfungo.
Timu nane, kila moja inachukua mtu kwa zamu,
na mie ndiye mwenye kalamu
kwa kuwa nilikuwa karani bandarini Matrah,
na kwa kuwa goti langu halina kazi nyingine.
Ubao wetu ni ubavu wa katoni ya mtindi.

Tumeshachukua watatu:
Shamis kipa, ambaye mikono yake, kusema kweli, ni mlango wa benki;
Haitham wa pembeni, mbio za farasi wa Batina,
lakini saa nne u nusu mama yake hupiga simu
naye hupokea, hata akiwa na mpira;
na beki mmoja wa Suweiq tusiyemjua,
tulimchukua kwa sababu ya kimo.
"Minazi pia mirefu," alisema Zahor.
"Mnazi haupigwi chenga," alisema Suud.
Wakagombana mpaka chai ya pili.

Mundhir, kwa kukiogopa kile kifuu,
ametuachia wenyewe raundi ya nne.

Waliobaki.
Nikawasoma kwa sauti ya mgawa mirathi:
Imtiyazi wa tanuri la mikate, guu la kushoto tamu,
la kulia la kupandia ngazi tu.
Mbwana wa Lamu, ambaye viza yake inakwisha
siku moja kabla ya nusu fainali.
Ghasani, aliyefunga mabao kumi na moja mwaka ule,
sasa kitambi chake hufika golini kabla yake.
Na Okumu.

Hapo viti vikanyamaza.
Okumu tulimwona Ijumaa moja tu,
kwenye vumbi nyuma ya maghala ya vigae:
aliupokea mpira kifuani, ukateremka gotini
kama paka anayeijua nyumba,
akageuka, na mabeki wawili
wakabaki wakisalimiana.
Hakushangilia. Alitazama saa.
Ni mlinzi. Zamu yake huanza saa mbili usiku,
na mechi zetu ni baada ya tarawehe.

"Ndiyo maana timu saba zimempita," Suud akasema.
"Si kwamba hawana macho. Wana kalenda."

Nikaishusha kalamu kwenye jina la Imtiyazi.
Wino ulikuwa umeshagusa
pale Zahor, huyuhuyu wa kifuu,
Zahor asiyeinuka hata kupisha gari,
alipouliza: "Hilo geti, linalindwaje?"
Unakaa, tukamwambia.
"Unakaa tu?"
Unakaa, unaandika nambari za magari.
"Basi mie miaka ishirini nakaa hapa bure."

Akapigiwa simu msimamizi, shemeji yake Suud.
Simu ndefu, ya Kiarabu,
kisha ya Kiswahili ilipofika kwenye kubembeleza.
Siku za mechi tu. Masaa matatu.
Na awe mtu mwenye akili.
Sharti hilo la mwisho likatufanya tutazamane.

Nikaigeuza katoni.
Mechi saba, Mungu akitufikisha fainali,
na majina yetu wenyewe, tukachaguana kwa zamu:
Suud wa kwanza, kwa kuwa haogopi mbwa.
Mie, kwa ajili ya mwandiko.
Mmalabari mwenyewe akajitia,
mradi chai yake ifuatwe na kununuliwa hukohuko.

Zahor alibaki wa mwisho kabisa:
usiku wa fainali, geti la chuma, daftari, tochi,
na kelele za uwanjani zikimfikia nusunusu.
Akakuna ndevu. Alikasirika kikweli.
"Raundi ya mwisho?" akasema.
"Mtu kama mie?"